Meno ya mosi yaaminiwe kwa lipi?

Mosi ni ile mimea mifupi ya kijani inayotanda kwenye mawe na kuta zenye unyevu. Mmojawapo, Funaria hygrometrica, hupenda kuota palipochomwa moto, na umeenea karibu dunia nzima, Afrika Mashariki ikiwamo. Bandua kifuniko cha kijifuko chake cha spora (chembe za uzazi), ukitazame kwa hadubini: mdomoni kuna meno 16 yaliyojisokota kuelekea katikati, ncha zake zimeshikana kwenye kisahani chenye vitundu. Nyuma ya kila jino kuna jingine, jembamba zaidi. Uso wa nje wa jino unapitiwa na mstari wa kupindapinda, alama ya mahali seli mbili zilipopakana. Jino hili si seli nzima. Ni vipande vya kuta za seli vilivyobaki baada ya sehemu nyingine kumomonyoka.

Tangu kitabu cha mtaalamu wa mimea Johann Hedwig kilipotoka mwaka 1801, meno haya ndiyo yaliyotumika kupangia koo za mosi. Siku hizi kuna DNA. Je, tuyaache?

Wanaoyatetea wana hoja nzito. Mosi za ukoo wa Polytrichum zina meno 32 au 64, Tetraphis ina 4 tu, na yote yamejengwa kwa seli nzima. Huo ni ujenzi mwingine kabisa. Hata kati ya mosi zenye meno ya vipande vya kuta, ukikata kijifuko kichanga utakuta seli zimepangika kwa hesabu maalumu, na kundi kubwa linalotambulika kwa hesabu hiyo, lenye safu moja tu ya meno, limethibitishwa na DNA pia.

Tatizo linakuja meno yanapopungua au kutoweka. Hedwig aliweka mosi nyingi zisizo na meno katika jenasi (kundi la spishi) moja, Gymnostomum. Leo baadhi yake zimo katika Tortula, nyingine katika Physcomitrium, koo zilizo mbali sana. Wala haikuhitajika DNA kuutilia shaka mpango ule: miaka ya 1920 mtaalamu wa mimea Fritz von Wettstein alizalisha machotara ya Physcomitrium, isiyo na meno, na Funaria yenye meno kamili, dalili kwamba ni ndugu wa karibu. Mosi nyingi zinazoishi kwenye magome ya miti nazo ziliwahi kukusanywa pamoja kwa sababu meno yao yamedhoofika, na DNA ikazitawanya. Kumbe kila ukoo uliyapoteza kivyake.

Kwangu mimi, namna jino lilivyojengwa bado ni ushahidi wa kuaminika. Kukosekana kwake si ushahidi wa undugu. Vinundu na mikwaruzo ya juu ya jino, inayopendeza mno kwenye picha za hadubini ya elektroni, ningeitumia kutenganisha spishi tu, tena kwa tahadhari. Na anayetaka kujenga hoja ya ukoo asiishie kwenye kijifuko kilichokauka. Akate kilicho kichanga, ahesabu seli.