Kufanyia kazi nyumbani: tija yapanda, cheo chachelewa

Mwaka 2010 kampuni ya usafiri ya Ctrip, iliyokuwa ikilemewa na kodi ya ofisi mjini Shanghai, ilichukua wahudumu 249 wa kituo chake cha simu waliojitolea. Waliozaliwa tarehe shufwa wakafanyia kazi nyumbani siku 4 kwa wiki. Wa tarehe witiri wakabaki ofisini. Baada ya miezi 9 utendaji wa kundi la nyumbani ulikuwa juu kwa asilimia 13, na walioacha kazi walikuwa takriban nusu ya wenzao. Mchumi Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walikuta kwamba sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokana na muda: mapumziko yalipungua, na siku za kuumwa pia.

Mwajiri husoma hapo akaridhika. Ila ukiwalinganisha watu wenye utendaji sawa, aliyekuwa nyumbani alikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kupandishwa cheo. Asiyekuwepo na lake halipo. Kwangu hiyo ni dhuluma, tena ya kimyakimya, kwa sababu aliyezalisha sawa na mwenzake ndiye aliyesahaulika. Na wa nyumbani walipopewa hiari, karibu nusu yao walirudi ofisini, wengi wakilalamikia upweke.

Kampuni hiyohiyo, sasa ikiitwa Trip.com, ilirudia jaribio mwaka 2021 kwa wafanyakazi 1,612. Safari hii nyumbani ni siku 2 tu, Jumatano na Ijumaa. Walioacha kazi walipungua kwa theluthi, na hakuna dalili kwamba utendaji au vyeo viliathirika. Naamini siri ni zile siku kujulikana: timu ilijua lini itakutana, na mgeni kazini alijua lini atampata wa kumuuliza.

Rwanda imelegeza saa badala ya mahali. Tangu Januari 2023 saa rasmi za kazi zilishuka kutoka 45 hadi 40 kwa wiki, kazi ikianza saa 3 asubuhi, wazazi wapate nafasi ya kuwaandaa watoto.

Tusisahau sharti moja la Shanghai: aliyekwenda nyumbani alitakiwa awe na chumba cha kufanyia kazi na intaneti ya uhakika. Mama wa Mbagala, Dar es Salaam, anayedamka alfajiri kukwepa foleni atashukuru akipewa hata siku moja ya kubaki nyumbani. Kijana aliyepanga chumba kimoja Tandale, kitanda ndicho meza yake, huenda ofisi ndiyo sehemu pekee anayopata utulivu, na jenereta umeme ukikatika. Ukimwambia abaki nyumbani umemhamishia gharama. Kampuni inayorudisha nusu ya vyumba kwa mwenye jengo imeokoa kodi, na bando la kijana huyu linapaswa kutoka kwenye akiba hiyo, liandikwe kwenye mkataba wake pamoja na vigezo vya kupandishwa cheo.