Sikuomba parachuti, jamani

Rafiki aliyekaa kiti cha nyuma yangu kwenye ndege anawasimulia watu kwamba nilitaka kushuka tukiwa bado angani, tena nikaomba parachuti. La parachuti ameliongeza yeye mwenyewe. Mengine aliyoyasambaza, haya, ni kweli.

Tiketi ilisema hivi: kuondoka Nairobi 23:25, kufika New York 06:25. Toa. Saa saba! Nikawatangazia watu kwamba Marekani si mbali, unalala unaamka. (Wewe uliyenijibu "hongera profesa", nimekuona.) Kumbe kila saa kwenye tiketi ni ya mji wake: ya kuondoka ni ya Nairobi, ya kufika ni ya New York, na majira ya baridi New York iko nyuma kwa saa nane. Saba jumlisha nane, kumi na tano.

Basi nikajipanga kisaa-saba. Chaja ya simu nikaitupa kwenye sanduku kubwa, likaenda zake tumboni mwa ndege.

Sasa twendeni polepole. Saa ya mkononi inasoma 06:20. Taa zimezimwa, abiria wamelala vinywa wazi. Nikajiambia, washamba hawa, wataachwa. Nikavaa koti zito, zipu hadi kidevuni. Kofia. Glavu. Nikafungua kabati la juu, begi likashuka kwa kishindo. Nikasimama pale katikati, begi kifuani, macho mbele, kama abiria wa matatu anayesubiri konda afungue mlango.

Mama wa kiti cha jirani akafunua kitambaa cha macho. "Mwanangu, unakwenda wapi?"

"Nashuka, mama. Tumefika."

Akanyoosha kidole kwenye skrini yake. Kandege kadogo keupe, juu ya Moroko. Mbele yake bluu tupu hadi ukingoni.

"Hapo una mwenyeji?"

Nyuma yangu blanketi likaanza kutikisika kwa kicheko. Mhudumu akaja mbio akidhani naumwa, maana jasho lilikuwa linanitiririka. Nikavuta zipu. Ikakwama. Nikavuta tena kwa glavu, ndiyo ikakwama kabisa. Mhudumu akashika kola, mama akashika pindo, safu nzima ikaamka kutazama.

Na yule mama, kwa bahati yangu mbaya, ni mwalimu mstaafu wa hisabati. Akachukua leso ya karatasi. Mstari mfupi kabisa wa Nairobi hadi New York ni takriban kilomita 11,800. Gawa kwa saba: karibu 1,700 kwa saa. "Mwendo wako huo unaipita sauti, mwanangu." Ndege yetu ikishatulia angani hukimbia kama 900, kwa hiyo saa kumi na tatu na ushee, zilizobaki zinaliwa na kupanda, kushuka, kuzunguka, na upepo wa magharibi unaoipiga usoni. Hata Moroko haikuwa bahati: mstari ule ukifuata mviringo wa dunia, katikati yake huangukia karibu na Marrakech. Yaani nilivaa glavu katikati kabisa ya safari.

Saa nane zilizobaki sikumtazama mtu. Tukatua, simu imezimika, mwenyeji nikampigia kwa simu ya mama yuleyule, tukaondoka.

Sasa rafiki ameiona tiketi ya kurudi. Ukitoa tarakimu zake unapata kama saa 22, na tayari anawaambia watu kwamba kurudi ni mlima. Msimsikilize. Ondoeni zile nane, zinabaki 14, upepo ukiwa mgongoni.