Finyo la Karafuu

Wazee wa posa walikuwa wafike saa kumi alasiri. Saa nne asubuhi mimi na Shangazi tulikuwa jikoni kwake, Tanga, tukibishania neno moja la Kizungu.

Maelekezo ya keki ya viungo alitutumia dada yangu kutoka Marekani, kayapiga picha kwenye kitabu cha mwenzake wa kazini. Mwanzo hayakuwa na ubishi: unga vikombe viwili, yaani kama gramu 250, siagi gramu 115, sukari kikombe, mayai mawili, maziwa mgando kikombe, bekingi soda kijiko cha chai kimoja, mdalasini vilevile. Kijiko cha chai cha Wamarekani ni mililita 5 kasoro kiduchu, kwa hiyo cha kupimia cha huku hakiharibu kitu. Balaa ilikaa mstari wa nane: "a pinch of ground cloves".

Msomi wa Kizungu pale nyumbani ni mimi. Nikatafsiri: "Finyo moja la karafuu ya unga."

"Finyo la nani?" Shangazi akauliza, mkono kiunoni. "La mwalimu wa madrasa au la mtoto mchanga?"

Lilikuwa swali zuri kuliko sisi wote tulivyodhani. Wenye Kizungu chao wana ukoo mzima wa maneno ya kiasi kidogo, na wakiwa wanaongea tu hakuna neno lenye kipimo. Lakini Marekani vinauzwa vijiko vidogovidogo vilivyochongwa majina hayo kwenye mpini, na kwa kawaida kila kimoja ni nusu ya kaka yake: "tad" ni robo ya kijiko cha chai, "dash" 1/8, "pinch" 1/16, "smidgen" 1/32, na "drop" 1/64. Hicho cha mwisho ukikiokota mezani utadhani ni cha kuchokolea masikio. Hakuna sheria inayowabana watengenezaji. Kuna seti zenye vitatu tu, na wapishi wengine wana hesabu zao. Ila ukishika kwamba pinch ni sehemu moja ya kumi na sita ya kijiko, keki yako haitakuaibisha.

Haya niliyajua wiki iliyofuata. Siku ile nilichojua ni kwamba pinch ni kufinya, basi kitu kinashikwa kwa vidole.

"Vidole vingapi?"

"Vidole tu, Shangazi."

Sasa, Shangazi ana mkono wa pilau la harusi. Vidole vyote vitano vilizama ndani ya kopo, vikaibuka vimekusanyika kama mdomo wa bata, na karafuu imejaa mpaka kwenye kucha. Bismillahi, ikaingia. Baadaye nilimwomba afanye tena vilevile juu ya sahani, nikaipima: kijiko cha chai kizima, cha kufutwa. Kwa hiyo kwa finyo la kwanza tu tulishazidisha mara 16.

Mstari uliofuata ulitaka "a dash of nutmeg". Nikaiuliza kamusi ya simu, ikanijibu: mbio. "Shangazi, kungumanga inawekwa mbiombio." Akaishika kungu, akaikwangua kwenye kikwaruzo kwa kasi ya mtu anayefukuzwa na mbwa, mpaka nikamwambia basi. (Bahati yetu kitabu hakikuwa cha London. Waingereza wana "knob of butter", na simu ingetuambia tuweke kitasa cha siagi. Kumbe ni kipande tu, kama kijiko cha mezani.)

Kilichotumaliza hasa ni maneno ya chini kabisa, kwamba viungo virekebishwe kwa kuonja. Shangazi akachovya kidole kwenye uji wa keki, akalamba, akatikisa kichwa. "Karafuu haisikiki." Akaongeza mafinyo mawili.

Hapo mpishi yeyote angedanganyika. Uji wa keki ukiwa wa baridi, sukari na siagi huifunika karafuu. Mafuta yake huamshwa na joto la oveni, na hata keki ikishatoka ladha inaendelea kupanda. Keki ya viungo ya jana ni kali kuliko ya leo. Ukitaka kuonja kwa haki, oka kijiko kimoja cha uji kwenye kikombe kidogo, kipoe, ndipo uhukumu. Sisi tuliihukumu mbichi. Vijiko vitatu mahali pa 1/16: mara 48.

Tukaoka kwa nyuzi 180, dakika 35. Ilipofika ya ishirini, jirani akachungulia ukutani kuuliza kama tumeanza kuanika karafuu kama watu wa Pemba. Keki ilitoka imeumuka vizuri tu, kwa kuwa karafuu haigombani na bekingi soda, lakini rangi yake ilikuwa ya mlango wa Kiarabu. Nikamega pembeni nikaonja. Ulimi ukaniaga.

Ni eujenoli hiyo, iliyomo kwenye mafuta ya karafuu, na ganzi ni kazi yake. Madaktari wa meno wanaitumia tangu zamani. Nilitaka kumweleza Shangazi, lakini "karafuu" haikutamkika, na nje honi ilikuwa imeshalia.

Wazee walikuwa wanne. Mshenga, mzee mwenye kofia ya kiua, alikunywa chai kwa shavu moja na hakuongea sana. Shangazi akamkatia kipande cha heshima, kinene kama tofali. Akala chote. Akanyamaza kidogo, akapangusa midomo, akasimama kutoa neno.

"Tumeona ua," akaanza, "kwenye buthtani yenu."

Wenzake wakamtazama.

"Tunaomba ruktha. Ruktha. Ru..." Akaketi.

Upande wetu, Baba Mdogo aliyepangwa kujibu alikuwa na kipande cha pili mdomoni. Aliitikia kwa kichwa tu, na ndiyo maana mpaka leo kuna wanaodai posa ile haikukubaliwa kwa maneno.

Kwa wasio na vile vijiko: jaza robo ya kijiko cha chai, futa juu kwa kisu, mwaga kwenye sahani, gawa kwa ncha ya kisu mafungu manne. Fungu moja ndilo finyo lao. Kwa vidole, tumia gumba na cha shahada peke yake. Ukiongeza cha kati tayari unakaribia maradufu. Mizani ya jikoni inayosoma gramu mojamoja haioni finyo moja, kwa hiyo weka kumi juu yake, kisha gawa. Ya kwangu kumi, ya chumvi laini, yalikuja gramu 4, yaani 0.4 kwa finyo. Kijiko cha chai cha chumvi hiyo ni kama gramu 6. Gawa kwa 16, tunakutana palepale. Karafuu ya unga ni nyepesi, kijiko kizima ni kama gramu 2, ndiyo maana mkononi haionekani kama kitu cha kumtisha mtu.

Wazee walipoaga, mshenga alibaki nyuma mlangoni. Akamvuta Shangazi pembeni, akajishika shavu.

"Dada, jino hili lina wiki halijanilaza. Thatha hivi thilithikii kabitha." Akaangalia kama wenzake wanasikia. "Ile keki. Nifungie ya nyumbani."

"Kiasi gani, mzee wetu?"

"Kidogo tu."

Shangazi akamfungia nusu ya keki.