Mwacheni Amalize Kwanza

Mwaka 2025 walivunja sehemu ya ukuta wa Rock Garden, bustani ya sanamu kule Chandigarh, India, ili kupanua barabara na kupata maegesho ya magari kwa ajili ya Mahakama Kuu. Wenyeji walipinga, na ukuta ukaenda hivyo hivyo. Nilituma picha zake kwenye kundi letu la WhatsApp, jibu la kwanza kurudi likawa: "Si ukuta wa takataka tu huo?" La pili: "Maendeleo hayasubiri mtu." La tatu lilikuwa vikaragosi vya kucheka, safu nzima. Nimekaa na hasira ile hadi leo, na leo naitoa.

Tuanze na huo ukuta wa takataka.

Aliyeijenga bustani hiyo, Nek Chand, alizaliwa mwaka 1924 katika kijiji ambacho sasa kiko Pakistani. Mwaka 1947, nchi ilipokatwa vipande viwili, familia yake ilikimbilia upande wa India pamoja na mamilioni ya wengine. Baadaye akapata kazi ya serikali, mkaguzi wa barabara katika jiji jipya la Chandigarh. Jiji lenyewe lilipangwa na Le Corbusier, msanifu majengo maarufu wa Ulaya, mitaa imenyooka, zege kila upande, kila shughuli na eneo lake. Ila pale palikuwa na watu kabla ya hizo ramani, na vijiji zaidi ya 20 vilivunjwa kupisha ujenzi. Kijiji kikivunjwa hubaki vyungu vilivyopasuka, vikombe visivyo na mikono, bangili, vigae, masinki. Nek Chand akawa anaviokota. Akitoka kazini anapanda baiskeli, anazunguka kwenye vifusi, anabeba anachoweza, anapeleka kwenye bonde lenye msitu karibu na ziwa la Sukhna. Ilikuwa ardhi ya serikali isiyoruhusiwa kujengwa kitu. Akajificha humo mwishoni mwa miaka ya 1950, akawa anafanya kazi usiku baada ya kazi ya mchana.

Alikaa na siri hiyo zaidi ya miaka 15. Katikati ya miaka ya 1970 maofisa walipoukuta huo msitu, ulikuwa na viwanja vilivyounganishwa kwa njia na kuta, na mamia kwa mamia ya sanamu zimesimama kwa mistari.

Hizo sanamu ziangalieni kwa karibu, msipite nazo haraka kwenye simu. Wapo wanawake ambao gauni lote ni vipande vya bangili za kioo, nyekundu, kijani na buluu, kila kipande kimechomekwa kwenye saruji ikiwa bado mbichi, ncha kwa ncha, hadi nguo inaonekana kama inacheza mwilini. Kwenye wanyama, fremu ya baiskeli mbovu ndiyo mifupa: tandiko limekuwa kichwa, uma wa gurudumu umekuwa miguu. Zipo kuta zilizopambwa kwa soketi za umeme za kauri. Saruji ikishakauka hairudi nyuma, kwa hiyo mtu aliyefanya hivyo gizani, peke yake, alijua anachotafuta katika kila kipande.

Kisheria hiyo kazi ilikuwa ya kubomolewa siku hiyo hiyo. Ilipona kwa sababu wachache waliokuwa na nafasi serikalini waliiona kwa macho yao wakaisimamia. Mwaka 1976 ikafunguliwa kwa umma. Nek Chand akapewa mshahara wa kuiendeleza na wafanyakazi 50. Mwaka 1983 ikatokea kwenye stempu ya India, mwaka 1984 akapewa nishani ya Padma Shri, na bustani yake imetembelewa na mamilioni ya watu. Alifariki mwaka 2015, na miaka kumi baadaye katapila likarudi kwenye ukuta.

Hoja yangu ni moja tu, na naomba muishike. Kazi za namna hii zote huonekana takataka kwa muda mrefu sana kabla hazijaonekana kitu. Ndivyo zinavyokua. Mchoraji wa turubai anaweza kufunga mlango, tukaona picha ikiwa imekamilika. Anayejenga kwa mawe, chupa na mabati hana mlango wa kufunga. Tunamwona mwaka wa pili, wa tano, wa tisa, amezungukwa na marundo, na tunamhukumu kwa rundo. Kisha tunauliza lile swali letu, "Ina faida gani?", na kwa kuwa wakati huo hana jibu, tunajiona tumeshinda. Nek Chand angeulizwa swali hilo mwaka 1963 angejibu nini? Alikuwa na msitu, mawe, na vikombe vilivyovunjika.

Fikirieni Ferdinand Cheval, tarishi wa kijiji cha Hauterives, kusini mashariki mwa Ufaransa. Mwaka 1879, akiwa na miaka 43, alijikwaa kwenye jiwe akiwa kwenye mzunguko wake wa barua. Umbo lake lilimshangaza, akalichukua. Kesho yake akarudi akaokota mengine. Alikuwa akitembea kilomita 30 hivi kwa siku kugawa barua. Mawe aliyatia mfukoni kwanza, yakazidi akachukua kapu, yakazidi tena akachukua toroli. Usiku akawasha taa akajenga. Kadi za posta na magazeti ya picha aliyoyabeba yalimwonyesha dunia ambayo hakuwahi kuifikia, akaiweka yote kwenye jengo moja: hekalu la Kihindu, msikiti, nyumba ya mbao ya Uswisi, ngome ya zamani, na majitu matatu marefu yakisimama upande wa mashariki. Upande huo mmoja tu ulimchukua miaka 20. Mwenyewe aliandika kwamba watu walimwona mwehu anayejaza mawe kwenye bustani yake. Alimaliza mwaka 1912, baada ya miaka 33.

Je, wenye elimu walielewa basi? Katika miaka ya 1960 wapo maofisa wa utamaduni wa Ufaransa waliolidharau jengo hilo kabisa, wakaona ni upuuzi uliotoka kichwani mwa mshamba. Waziri wao, André Malraux, akawapuuza, akaliweka kwenye orodha ya kumbukumbu za taifa mwaka 1969. Cheval alikuwa amefariki tangu 1924. Alitamani azikwe ndani ya jumba lake, akakataliwa, akaenda kujijengea kaburi kwenye makaburi ya kijiji akiwa mzee wa karibu miaka 80. Likamchukua miaka minane mingine. Mimi kila nikifika hapa kwenye habari zake nasimama kidogo. Miaka 33 imeisha, wamekukatalia, na unachukua tena toroli.

Sasa niwarudishe nyumbani, kwa sababu wale waliocheka kwenye kundi tumekulia mtaa mmoja na wanajua ninachokwenda kusema.

Kulikuwa na fundi baiskeli, sote tulimwita Babu. Uzio wa kwake ulikuwa wa mbao na mabati ya madebe, na juu yake alikuwa akipigilia visoda. Alivipanga kwa rangi, vya rangi ya chungwa vikawa samaki, vya fedha vikawa maji, vyeusi vikawa ngalawa. Njiti za baiskeli alizikunja akazining'iniza juu, upepo wa jioni ukija zinagongana na kulia. Sisi watoto tulikuwa wauzaji wake. Ukimpelekea visoda, anakujazia upepo tairi bure. Watu wazima walisema anafuga majini. Wengine walisema uzee. Mama mmoja alikuwa akivuka barabara ili asipite mbele ya uzio ule.

Ikaja barua kutoka ofisi inayohusika, kwamba uzio hauendani na mandhari ya eneo. Walikuja asubuhi, kufika adhuhuri hakuna kitu. Nikapita nikitoka shule. Kipande cha mwisho cha uzio walikuwa wamekilaza chini kikiwa kizima, ule upande ambao Babu alikuwa hajaufikia. Juu yake palikuwa na garimoshi lililochorwa kwa chaki, injini na mabehewa matatu, madirisha yote yamepimwa. Hakikuwa kimepigiliwa kisoda hata kimoja. Babu aliendelea kutengeneza baiskeli miaka mingi baada ya hapo na hakupigilia tena kitu popote. Nilimuuliza mara moja, nikiwa mkubwa, akanijibu, "Mwanangu, wewe acha tu," akaendelea kuziba pancha.

Mandhari gani waliyokuwa wakiyalinda? Mabati yenye kutu ya jirani kulia au jalala kushoto? Sijawahi kupata jibu, na hadi leo pale pana vumbi.

Najua kuna atakayeniambia habari za usalama. Sawa. Kwa shingo upande, lakini nakubali: ukuta ukimwangukia mtoto, hakuna sanaa itakayomrudisha. Nakubali pia kwamba Nek Chand alivamia ardhi ya umma, na kama kila mtu angefanya hivyo tusingekuwa na msitu. Ila kuna watu walikwishatuonyesha namna ya kushughulikia jambo la usalama, nao ni wa Los Angeles, Marekani.

Simon Rodia alikuwa mhamiaji kutoka Italia, kibarua wa ujenzi. Kuanzia mwaka 1921 alijenga minara kwenye kiwanja chake kidogo eneo la Watts, kwa nondo, wavu wa waya na saruji, akaipamba kwa vigae vilivyovunjika, chupa na makome ya pwani. Hakuwa na mashine ya kuchomelea wala jukwaa la kusimamia; alipanda kwa mkanda kama wa waosha madirisha. Mnara mrefu unafika karibu mita 30. Katikati ya miaka ya 1950 alimwachia jirani kiwanja, akaondoka. Jiji likatoa amri minara ibomolewe, kwamba ni hatari. Vijana wawili wakainunua kwa dola 3,000, na waliotaka ibaki wakadai kitu kimoja: ipimwe. Tarehe 10 Oktoba 1959 mbele ya umati wa watu mnara ukafungwa nyaya na kuvutwa kwa nguvu ya kama kilo 4,500. Kilichoanza kupinda ni kile kifaa cha kuvutia. Mnara ulibaki umesimama, amri ikafutwa, na tangu mwaka 1990 minara hiyo ni kumbukumbu ya kihistoria ya taifa zima.

Basi pimeni! Mhandisi na vifaa vyake, siku moja. Uzio wa Babu ulikuwa unafika kifuani kwa mtu mzima, na hakuna aliyekuja hata na futi kamba.

Wengine mtaniambia kwamba siku hizi mambo yamebadilika, kwamba ubunifu unapewa nafasi. Pale unapokuwa na wadhamini, ndiyo. Ule mradi wa Flipflopi, dau lililojengwa Lamu na fundi Ali Skanda na wenzake kwa takriban tani 10 za plastiki iliyookotwa na kuvishwa ndala 30,000, niliufurahia kuliko ninavyoweza kueleza. Likashushwa majini mwaka 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Lakini lile lilikuwa na watu nyuma yake tangu mwanzo, wa kulieleza na kulitetea. Mimi nawasemea wasio na mtu. Na hizi sanamu za kwenye makutano ya barabara zinazoagizwa kwa zabuni sina la kuzisemea.

Tena shaka yetu haiishii kwenye marundo. Bodys Isek Kingelez wa Kinshasa alijenga miji mizima ya kufikirika kwa karatasi, maboksi na vifungashio, majengo yanayong'aa yenye rangi ambazo hakuna mji unazo. Inasimuliwa kwamba alipopeleka kazi yake ya kwanza kwa watu wa makumbusho ya kwao, hawakuamini kama ni yake, ikabidi atengeneze nyingine wakimtazama. Mwaka 2018, miaka mitatu baada ya kifo chake, miji yake ilijaza kumbi za MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa kule New York. Ya Babu ikiwa nusu tulisema ni uchafu. Ya Kingelez ilipokamilika wakashuku ameiba. Ni wakati gani, basi, mtu wa kawaida anaruhusiwa kuwa ametengeneza kitu kizuri?

Wenyeviti wa mitaa na maofisa wa mipango miji mnaosoma hapa, na najua mpo, nawaomba kwa heshima zote. Mkiletewa malalamiko kwamba mtu fulani anajenga vitu visivyoeleweka, nendeni mkaone wenyewe, mchana, mkiwa na mhandisi. Mwulizeni amefika wapi na amebakiza nini, na msikilize hadi amalize kueleza. Ikiwa ni hatari, mwonyesheni pa kuimarisha, mpeni muda. Ikiwa iko kwenye hifadhi ya barabara, mtafutieni pa kuihamishia kabla hamjaigusa. Na ikiwa haina kosa zaidi ya kuwa ya ajabu, hiyo barua ya kubomoa ichaneni.