Kosa la Nodar, nguzo za Whistler

Tarehe 12 Februari 2010, saa chache kabla ya ufunguzi wa Olimpiki ya majira ya baridi mjini Vancouver, Kanada, kijana wa miaka 21 kutoka Georgia, Nodar Kumaritashvili, alikuwa mazoezini kwenye njia ya barafu ya Whistler, mji wa milimani karibu na Vancouver. Mchezo wake ulikuwa luji. Unalala chali juu ya sleji ndogo, miguu mbele, huna breki, na unaiongoza kwa kuikandamiza na mashavu ya miguu na kwa uzito wa mabega. Nodar alichelewa kutoka kona ya 15, akaingia vibaya kona ya 16, ambayo ndiyo ya mwisho. Sleji ikamponyoka, naye akarushwa juu ya ukuta wa upande wa pili kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 140 kwa saa. Nyuma ya ukuta ule mfupi zilisimama nguzo za chuma, hazikuvishwa hata godoro. Alifariki siku hiyohiyo.

Usiku ule shirikisho la kimataifa la luji na waandaaji wakatoa tamko: mchezaji alikosea namna ya kuingia kona, na hakuna dalili kwamba njia ilikuwa na kasoro. Tamko hilohilo likaeleza kwamba ukuta wa kona ya 16 utainuliwa na umbo la barafu litarekebishwa. Kisha mahali pa kuanzia wanaume pakashushwa hadi pale walipokuwa wakianzia wanawake, na wanawake nao wakashushwa chini zaidi.

Hoja ya shirikisho isipuuzwe. Maelfu ya safari zilikuwa zimepita kwenye njia ile bila kifo. Picha za video zinaonyesha wazi kwamba Nodar alikosea. Tena huu ni mchezo wa mwendo: mtu anajifunza kona moja kwa miaka, anaijua kama chumba chake, halafu mashindano yakiwa mlangoni anaambiwa ataanzia chini. Baadhi ya washindani walinung'unika kwamba kushushwa kule kumewapokonya faida ya maandalizi yao, na walikuwa na haki ya kusema hivyo. Historia nayo ni ndefu. Mwaka 1964 mjini Innsbruck, Mwingereza Kazimierz Kay-Skrzypecki alikufa mazoezini katika luji, na Mwaustralia Ross Milne akafa mazoezini katika skii ya kuteremka mlima. Wanaoingia michezo hii wanajua wanakoingia.

Hapo ndipo wengi hufunga mjadala kwa kusema ajali haina kinga. Mimi siufungi, kwa sababu maswali mawili yanachanganywa. La kwanza: kwa nini sleji ilipotea njia? Jibu ni kosa la mchezaji. La pili: kwa nini kosa lile liliishia kwenye chuma kitupu? Jibu la kwanza haligusi hata kidogo la pili. Rais wa Georgia wa wakati huo, Mikheil Saakashvili, alikiri kwamba hajui undani wa kiufundi, lakini akasema hakuna kosa la kimichezo linalopaswa kumuua mtu. Wapo waliomwona mwanasiasa anayetafuta wa kumlaumu. Mimi naona alishika kiini cha jambo.

Halafu kuna suala la mwendo. Wasanifu wa Whistler walikadiria kwamba sleji zitafika kama kilomita 137 kwa saa. Zilipoanza kushuka zilivuka 150. Karibu mwaka mzima kabla ya kifo, shirikisho hilohilo liliandika barua ya kueleza wasiwasi wake juu ya mwendo huo. Siku moja kabla ya ajali, mchezaji wa Australia alijiuliza hadharani kama wao wamegeuzwa masanamu ya kujaribia ajali. Mahesabu yakikosea kwa kiasi kile, ukuta uliopimwa kwa mahesabu yale haupaswi kubaki na kimo kilekile.

Nafasi za mazoezi hazikuwa sawa pia. Kanada ilikuwa na mpango wake wa kutafuta medali nyumbani, na wachezaji wake walishuka kwenye njia ile mara nyingi sana kuliko wageni. Mchunguzi wa vifo wa jimbo la British Columbia alihitimisha kwamba kilikuwa kifo cha ajali, lakini akaeleza kuwa uzoefu mdogo wa Nodar kwenye njia ngumu vile ulimweka pabaya. Jambo hili linatuhusu hata sisi wa huku Afrika. Simidele Adeagbo wa Nigeria alishuka kwa skeletoni, mchezo wa sleji wa kulala kifudifudi, kichwa mbele, katika Olimpiki ya Pyeongchang, Korea Kusini, mwaka 2018, na Sabrina Simader aliibeba bendera ya Kenya katika skii mwaka huohuo. Wanaotoka nchi zisizo na njia za barafu wala theluji ya kutosha ndio wa kwanza kuumia mwenyeji anapofunga mlango wa mazoezi.

Ugumu wa njia na hatari ya njia havipimwi kwa kipimo kimoja. Kona ya 9 ya Pyeongchang iliwatoa jasho wote. Felix Loch wa Ujerumani, aliyekuwa ameshinda dhahabu Whistler, aliteleza hapo katika mteremko wake wa mwisho, akaporomoka kutoka uongozi hadi nafasi ya tano. Mmarekani Emily Sweeney alianza kupoteza udhibiti katika sehemu hiyohiyo, akapinduka na kuvunjika mifupa ya shingo na mgongo, ingawa alitoka kwa miguu yake. Kwa hiyo hatari haikwisha. Lakini hakurushwa nje ya njia.

Kwenye skii kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa theluji hubadilika usiku mmoja. Desemba 2024, Mfaransa Cyprien Sarrazin alianguka mazoezini Bormio, Italia, akavuja damu ndani ya fuvu na kufanyiwa upasuaji. Mwenzake Nils Allègre aliwashutumu waandaaji waziwazi kwamba hawajui kuandaa mteremko. Wengine wakajibu kwamba mlima ule umekuwa mkali siku zote. Hapo siwezi kumpa upande mmoja ushindi wote, maana hakuna mhandisi anayeamrisha baridi.

Njia ya zege inayogandishwa kwa mitambo haina kisingizio hicho. Njia ya Sochi, Urusi, kwa Olimpiki ya 2014, ilijengwa na vipande vitatu vya kupanda mlima ili kupunguza mwendo, na mchezo haukufa. Ninachotaka kinawezekana: kabla ya kila Olimpiki, mwendo uliokadiriwa na ule uliopimwa vitangazwe hadharani, wageni wapewe idadi ya safari inayokaribiana na ya wenyeji, na kipimo kikizidi makadirio, mahali pa kuanzia pashushwe wakati wa majaribio, mwaka mmoja au miwili kabla.