Kelele za umeme si sababu ya bodi kuganda

Kuna jibu ninalolisikia mno kwa mafundi wenzangu wa Nairobi, nami silikubali: "Ni kelele za umeme tu." Bodi ya kielektroniki ya kuendesha pampu ya kisima imeganda, wapangaji wa ghorofa za juu hawana maji, fundi anazima swichi kuu, anaiwasha, anaenda zake. Baada ya siku chache anaitwa tena.

Kelele zipo. Kontakta ya pampu, yaani swichi ya sumaku inayoiwasha na kuizima, ikiachia, koili yake hurusha volteji kali kwa muda mfupi mno, na waya uliopita karibu huidaka. Anayefanya kazi Industrial Area au Kariobangi Light Industries, katikati ya mota na mashine za kuchomelea, hahitaji kuelezwa. Lakini bodi ilinunuliwa ikafanye kazi papo hapo, na aliyeiandikia kiendeshi, yaani programu inayozungumza na vifaa vyake, alijua inakokwenda.

Chukua I2C, ambayo wengi tunaitumia kwa kuwa ni nyaya mbili tu za mawasiliano: SDA ya data na SCL ya saa. Philips waliibuni mwaka 1982 ili chipu zilizokaa pamoja ndani ya kifaa kimoja zizungumze. Chipu huweza tu kuuvuta waya chini. Kuurudisha juu ni kazi ya rezista. Sasa kihisi, tuseme cha kimo cha maji, kinatuma baiti, yaani biti nane moja baada ya nyingine, na biti iliyopo ni sifuri, kwa hiyo kimeishikilia SDA chini. Kelele inapiga, maikrokontrola, ile chipu inayoendesha programu ya bodi, inajiwasha upya. Kihisi hakina habari, maana umeme wake haukukatika. Kinangoja mapigo ya saa yaliyobaki. Maikrokontrola nayo inaamka, inaikuta SDA chini, inadhani njia inatumika, inangoja. Hapo hata ile saa ya ulinzi inayoiwasha upya kila inapokwama haisaidii kitu, kwa sababu aliyeshikilia waya ni mwingine.

Dawa yake imo katika maelezo rasmi ya I2C, ambayo siku hizi yanatolewa na NXP, kampuni iliyotokana na Philips: tuma mapigo tisa ya saa, kihisi kitamaliza baiti yake na kuuachia waya, kisha toa ishara ya kusimamisha. Ni mistari michache ya programu. Hata hivyo viendeshi tunavyonakiliana vimejaa vitanzi, yaani amri zinazojirudia, vinavyosubiri bila kikomo cha muda. Kwangu, kitanzi cha namna hiyo hakifai kutoka karakana.

Kinachoniudhi zaidi ni kurudia kimyakimya. Usomaji ukifeli, kiendeshi kinajaribu tena na tena hadi kifaulu, na hakuna anayejua. Hesabu kila kosa, andika na wakati wake. Makosa yakirundikana kila kontakta inapoachia, umeshajua pa kuanzia. Isitoshe, I2C yenyewe haina hesabu ya kuhakiki data. Ile biti ya kukiri husema baiti imepokelewa, haisemi ni sahihi. Kimo cha maji kikisomwa vibaya, pampu inaweza kuzunguka kavu ikaungua. Kama kihisi chako kinatoa CRC, ambayo ndiyo hesabu ya kuhakiki, itumie!

Upande wa nyaya nitasema kwa ufupi. Usitegemee rezista dhaifu za ndani ya maikrokontrola. Weka zako, kilo-omu 4.7 au chini kidogo. Koili ya DC ipewe dayodi, ya AC ipewe rezista na kapasita. Na kihisi kikiwa mbali na bodi, achana na I2C, tumia RS-485, njia nyingine ya mawasiliano ya waya, iliyotengenezwa kwa safari ndefu.

Halafu jaribu kabla ya kupeleka. Weka kontakta kando ya bodi mezani, iwashe na kuizima mfululizo huku vihisi vinasomwa, na osiloskopu, kifaa kinachochora volteji kwenye skrini, iwe imeunganishwa kwenye SDA. Washa upya maikrokontrola katikati ya usomaji. Gusisha SDA na ardhi kwa kipande cha waya, uachie, uone kama kiendeshi kinajinasua chenyewe. Mimi bodi ambayo haijapita hapo siifungi kwenye kisima cha mtu.