Kodi ya kichwa ya babu na tozo ya simu ya mama

Babu yangu alitunza stakabadhi za kodi ya kichwa kwenye kopo la bati, chini ya kitanda. Enzi zake, chini ya Mwingereza, aliyeshindwa kulipa angeweza kupelekwa kufanya kazi mpaka deni liishe.

Kodi ile haikuletwa ili kutujengea shule. Hapa kwetu Tanzania, Wajerumani, waliotawala kabla ya Mwingereza, walianza na kodi ya nyumba mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba. Mkulima wa mtama rupia angezitoa wapi? Ilimbidi auze mazao au akafanye kibarua kwenye shamba la mkoloni, na hilo hasa ndilo lililotakiwa. Kodi ilikuwa fimbo ya kuwaswaga watu kazini. Mwaka 1905 Wamatumbi walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima na vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani vikawaka, kodi ilikuwa miongoni mwa machungu yao.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba baada ya uhuru nasi tulikuja kumtoza mtu kichwa chake, tukaiita kodi ya maendeleo. Ilifutwa mwaka 2003 tu. Wengi tunakumbuka mgambo wakikagua stakabadhi njiani na wanaume wazima wakikimbilia vichakani.

Sipingi kodi. Mwenye faida alipe, mwenye mshahara alipe. Ila sikubali kwamba kupitishwa na Bunge, kama ibara ya 138 ya Katiba inavyotaka, kunatosha kuifanya kodi iwe ya haki. Tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021 ilipita Bungeni, ikafika hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja. Watu walilalamika mpaka Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mama aliyemtumia mwanawe ada hakupata faida yoyote hapo. Alitozwa kwa sababu ni mzazi, kama babu alivyotozwa kwa sababu ana kichwa. Vituo vya afya vilivyojengwa kwa tozo hiyo navithamini, lakini fedha zake zingetafutwa kwa wenye kipato.

Na tunapolipa, tusomewe hesabu. Kijijini kwetu, taarifa ya mapato na matumizi ikisomwa kwenye mkutano mkuu, watu hukaa mpaka jua linazama wakihoji bei ya kila mfuko wa saruji. Hao hao ndio wanaotoa mchango wa darasa bila kufuatwa na mgambo.